Elimu ya Mtoto Ilipitia kwa Wakimbizi

Kila aliyelea mtoto kambini anayajua maswali haya. Mtoto ana miezi mingapi? Alikaa lini? Alitembea lini? Usiku analala au anashtuka? Anacheza na wenzake? Dada wa shirika anauliza, mama anajibu, tiki inawekwa kwenye kisanduku, fomu inaingia kwenye faili, na kesho yake ni blok nyingine. Tumejibu mara nyingi, lakini wachache wetu wamewahi kuuliza: haya maswali yenyewe yalitoka wapi? Nani aliyatunga, na alijifunza kwa nani?

Jibu lake linatuhusu. Elimu hii ya namna mtoto anavyokua, ambayo vyuoni inaitwa saikolojia ya ukuaji, haikutoka yote kwenye maabara za Ulaya na Marekani. Sehemu yake iliyo muhimu sana ilipatikana kwa watoto waliokimbia mabomu, kwa yatima waliotolewa kambini, na kwa akina mama wa vijiji vya Buganda, hapa hapa jirani. Na miongoni mwa waliowachunguza watoto hao walikuwamo wakimbizi kama sisi. Ni historia inayofaa kujulikana na anayejaza fomu na anayejazwa pia.

Daftari, hojaji, kipimo na nyundo

Tuanze na wale wa mwanzo, kwa kifupi. Mwaka 1839 Mwingereza Charles Darwin alipata mtoto wake wa kwanza. Akaanza kuandika kwenye daftari kila alichokiona: mtoto ametabasamu, ameogopa, amekasirika. Maandishi hayo aliyachapisha mwaka 1877. Daftari ni njia nzuri kwa sababu mzazi yuko karibu na anaona mambo madogo. Ubaya wake ni kwamba mtoto ni mmoja tu, na mzazi ana macho ya mapenzi.

Akaja Mmarekani G. Stanley Hall na njia ya hojaji. Mwaka 1883 alitoa matokeo ya watoto wa Boston waliokuwa wanaingia shule: wanajua nini, hawajui nini. Ikaonekana wengi wao hawavijui vitu vya shamba. Sasa jiulize: hao watoto walikuwa wajinga, au walikuwa watoto wa mjini walioulizwa habari za shamba? Swali hilo litatufuata hadi mwisho.

Mwaka 1905 Wafaransa wawili, Alfred Binet na Théodore Simon, walitengeneza kipimo cha kuwatambua watoto wa shule za Paris wanaohitaji msaada zaidi darasani. Binet mwenyewe hakukubali kwamba akili ya mtoto ni kitu kilichogandishwa. Lakini kipimo kilivuka bahari, na huko kikatumika kuwapanga watu kana kwamba ni magunia ya mahindi. Baadaye Arnold Gesell, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alipiga filamu za watoto wengi na kupanga jedwali: mwezi huu mtoto anashika kitu, mwezi huu anakaa, mwezi huu anasimama dede. Maswali mengi ya fomu zetu ni wajukuu wa jedwali lile. Tukumbuke tu kwamba watoto wa Gesell walikuwa wa mji mmoja, New Haven.

Kisha kuna jaribio ambalo halipendezi kusimuliwa. Mwaka 1920, mjini Baltimore, John Watson na Rosalie Rayner waliandika jinsi walivyomfundisha mtoto mchanga kuogopa. Walimwita Albert. Kila alipomgusa panya mweupe, nyuma yake chuma kiligongwa kwa nyundo. Baada ya muda mtoto akawa analia akimwona panya tu, hata nyundo isipogongwa. Mtoto aliondoka hospitalini na hofu yake, hakuna aliyemtoa. Utafiti ulipata jibu lake, na mtoto akapata nini?

Njia hizi nne ndizo zilizokuwapo vita kuu ya pili ilipoanza: daftari, hojaji, kipimo, jaribio.

London chini ya mabomu

Septemba 1939 serikali ya Uingereza iliwahamisha watu wa mijini kuwapeleka mashambani, wakiogopa ndege za Wajerumani. Katika siku chache waliondoka kama milioni 1 na nusu, wengi wao watoto wa shule waliotenganishwa na wazazi. Wazo lilionekana la busara kabisa: hatari ni bomu, basi mwondoe mtoto mahali bomu linapoanguka.

Mjini London alikuwapo mwanamke anayeitwa Anna Freud. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Mwaka 1938 alikimbia Vienna pamoja na baba yake mgonjwa, Sigmund Freud, baada ya Wanazi kuichukua Austria. Akiwa na rafiki yake Dorothy Burlingham, na kwa fedha za wafadhili wa Marekani, alifungua nyumba za kulelea watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead. Zilifanya kazi hadi vita ilipokwisha mwaka 1945. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria.

Namna walivyofanya utafiti wao ndiyo inayotugusa. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na watoto wa kuogeshwa, kulishwa na kulazwa. Anna Freud aliweka sharti moja: kila mfanyakazi aandike alichokiona, kwenye kadi, siku ile ile. Si walezi peke yao. James Robertson, kijana wa Scotland aliyeajiriwa kushughulikia mitambo ya kupasha nyumba joto na matengenezo mengine, naye aliandika kadi. Mtoto fulani leo amekataa uji. Mtoto fulani amesimama mlangoni tangu mama yake alipoondoka. Kadi zikawa ripoti kila mwezi, na ripoti zikawa vitabu.

Kadi hizo zilionyesha nini? Kwanza, watoto wadogo waliopitia mabomu wakiwa mikononi mwa mama, wengi walitulia upesi kuliko ilivyotarajiwa. Waliokuwa salama mashambani, lakini wametengwa na mama ghafla, ndio waliodhoofika: waliorudi kukojoa kitandani, waliopoteza maneno waliyokwisha kuyajua. Kumbe bomu peke yake halikuwa adui mkubwa wa moyo wa mtoto mdogo. Adui alikuwa kukatwa ghafla na mtu wake.

Pili, hapo mwanzo watoto walihudumiwa na mlezi yeyote aliyekuwa zamu. Walikula, walikuwa safi, lakini kuna mambo yalikuwa hayaendi. Basi wakawagawa katika vikundi vidogo, kila mlezi na watoto wake wachache, kama familia. Siku za kwanza zilikuwa vurugu: wivu, vilio, kung'ang'ania mlezi. Mtu wa haraka angesema mpango umeshindwa. Baada ya muda watoto wakatulia, na walioshindikana kufundishwa choo wakaanza kujifunza. Mtoto aliyelia kwa sababu ya mtu wake alikuwa na afya kuliko yule asiyemlilia mtu yeyote.

Ndugu zangu mnaofanya kazi na watoto wetu, hapo pasomeni mara mbili. Mtoto anayetulia kwa kila mgeni, anayemkumbatia kila aliyeshuka kwenye gari, si lazima awe mtoto mwenye furaha.

Sita kutoka Terezín

Vita ilipokwisha waliletwa Uingereza watoto waliookolewa katika kambi za Wanazi. Sita kati yao walikuwa na umri wa miaka 3 hivi, Wayahudi wa Kijerumani, na walikuwa wamekulia katika kambi ya Terezín. Wazazi wao walikuwa wameuawa. Hawakuwahi kuwa na mlezi mmoja wa kudumu. Watu waliowatunza kule kambini waliondolewa mmoja baada ya mwingine. Mwezi Oktoba 1945 walipelekwa katika nyumba moja mashambani Sussex, wakalelewa na dada wawili wakimbizi wa Kijerumani, Sophie na Gertrud Dann. Sophie aliandika kila siku, na mwaka 1951 Anna Freud akatoa makala kutokana na maandishi hayo.

Watoto hawa walivunja karibu kila toy waliyopewa. Watu wazima waliwauma, waliwatemea mate, au waliwapuuza tu. Lakini wao kwa wao walikuwa kitu kimoja. Mmoja akibaki nyuma, wengine hawaendi. Kwenye chakula, mtoto alihakikisha mwenzake amepata kabla ya yeye kula. Hapakuwa na wivu wa kaka na dada unaoonekana nyumba nyingi. Hawakuwa na mama, basi walikuwa wamefanyana ndugu.

Wataalamu wana jina la utafiti wa namna hii: jaribio la asili. Hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya mtoto wazazi ili aone kitatokea nini. Lakini unyama wa watu wengine ukishafanya hivyo, anayetazama kwa makini na huku anamlea anaweza kujifunza jambo la kuwasaidia wengine. Tofauti na kisa cha Albert ni kubwa. Albert alitumiwa. Hawa walitunzwa kwanza, na kujifunza kukafuata nyuma ya malezi.

Sisi tunaoishi kambini tumewaona watoto wa namna hiyo. Wanafika wanne wameshikana mikono, si wa tumbo moja, lakini njiani walikula pamoja na kulala pamoja. Kwenye orodha wanaandikwa watu wanne. Kisha mmoja anapewa mlezi zoni hii, wawili zoni ile, na wa nne anapelekwa mbali. Katika karatasi kila mtoto amepata makazi. Lakini ile familia waliyojitengenezea barabarani ndiyo imevunjwa, na mara nyingi hakuna kisanduku cha kuandika hilo.

Saa ukutani

Mwaka 1951 daktari John Bowlby wa London aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliobaki bila makwao baada ya vita. Alisema mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama, au na mtu aliyesimama mahali pa mama. Wengi walimpinga. Wengine walisema mtoto anampenda mama kwa sababu ya maziwa tu, na akilishwa na mwingine basi yamekwisha. Wengine, kwa haki, walisema amemtwika mama mzigo wote kana kwamba baba, bibi, shangazi na dada hawapo.

Yule Robertson wa mitambo ya joto alikuwa sasa anafanya kazi na Bowlby. Alikwenda kwenye wadi za watoto. Wakati ule hospitali nyingi za Uingereza ziliwazuia wazazi kukaa na watoto. Kumtembelea mtoto kulikuwa kwa saa za kuhesabu. Madaktari walisema: watoto wametulia, wanaolia ni siku mbili tatu tu. Robertson aliona kingine. Mtoto hakutulia, alikata tamaa.

Atathibitishaje? Alichukua kamera ya mkono na kumpiga filamu msichana wa miaka 2 aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo. Ili asiambiwe kwamba amechagua vilio na kuacha vicheko, alipiga picha kwa saa zilizopangwa tangu mwanzo, na saa ya ukutani ikionekana kwenye filamu. Hiyo ndiyo mbinu: jifunge mikono mapema, ili macho yako yasichague unachokipenda. Filamu ilitoka mwaka 1952 na ikakasirisha wengi. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao bila kubanwa na saa. Leo mama analala na mtoto wadini na hakuna anayeshangaa. Hatujui tu kwamba kwa wengine ruhusa hiyo ilipiganiwa.

Mama wa Buganda wanafundisha

Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, alifika Kampala kwa sababu mume wake alipata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere. Yeye hakuwa na kazi rasmi ya kumngoja. Alikuwa na swali. Alisikia kwamba kwa Waganda mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake, basi akataka kuona utengano huo unamfanya nini mtoto.

Alitafuta familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto wachanga 28. Akiwa na msaidizi Mganda wa kutafsiri, alizitembelea kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila mara, kwa miezi hadi 9. Alipokelewa sebuleni kama mgeni. Alizungumza na mama, akamtazama mtoto. Familia nazo alizisaidia usafiri wa kwenda kliniki.

Swali lake la kwanza likafa. Katika familia zile, wachache tu walimpeleka mtoto mbali wakati wa kumwachisha. Mtafiti mwingine angelazimisha, au angefunga mizigo. Yeye aliliacha swali na kufuata kile alichokuwa anakiona kila wiki mbele yake.

Aliona hivi. Mtoto anayetambaa anaondoka kwa mama, anafika mlangoni, anageuka kutazama kama mama yupo, anaendelea. Akishtuka anarudi mbio mapajani, kisha anaondoka tena. Mama ni kituo chake; kutoka hapo anauvumbua ulimwengu. Aliona pia kwamba baadhi ya watoto walishikamana na baba au ndugu ambaye hawalishi kabisa. Basi hoja ya kwamba ni maziwa tu ikaanguka sebuleni Buganda.

Aliona watoto hawashikamani kwa namna moja. Wengine walikuwa na uhakika, wengine walilia hata wakiwa mikononi mwa mama. Alipotafuta sababu, moja ilijitokeza kwa namna ya pekee: mama aliyeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, analia hivi akiwa na njaa, hivi akiwa na usingizi, huyo ndiye mara nyingi aliyekuwa na mtoto mwenye uhakika. Wahenga walikwisha kusema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ainsworth aligeuza ujuzi huo wa mama kuwa kipimo. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Akiwa amerudi Marekani, alifuatilia familia nyingine 26 mjini Baltimore, kwa saa 70 na zaidi kila nyumba. Kule watoto walizoea mama kutoka na kuingia, hawakulia kama wa Buganda. Ndipo yeye na wenzake wakabuni chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea. Mama anatoka, mgeni anabaki, mama anarudi. Yote ni dakika 20 hivi. Linaloangaliwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama akirudi.

Dakika zile 20 zikapata umaarufu duniani, kuliko saa nyingi za nyumbani zilizozipa maana. Zilipopelekwa Sapporo, Japani, ambako mtoto mchanga haachwi na mama kwa urahisi, wengi walilia kupita kiasi. Je, Wajapani hawajui kulea? La. Chumba kile kilikuwa na kwao.

Kila kipimo kina kwao

Hapo tunarudi kwa watoto wa Boston. Miaka ya 1950, Mfaransa Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa Uganda kwa vipimo vya Gesell, akaandika kwamba wanawatangulia wa Ulaya. Mabishano yakaanza: ni damu? ni malezi? Miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Waliona mama akimkalisha mtoto na kumshikilia ili ajifunze kukaa, akimtembeza ili ajifunze kutembea. Kwa mambo hayo watoto wa Kokwet walikuwa mbele. Kwa kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Mtoto anawahi kile anachozoezwa.

Lakini watoto wakubwa wa kijiji kile kile, walipoitwa na mpimaji wasimulie hadithi, wengi walinyamaza. Wangeandikwa sifuri. Kumbe nyumbani mtoto mwema hapayuki mbele ya mtu mzima asiyemzoea. Akili kwao ilikuwa ni pamoja na kuona kazi na kuifanya bila kuambiwa.

Robert Serpell alifanya jambo la haki zaidi. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya watoto wa Lusaka na wa Manchester waliopewa maumbo ya kuiga. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, walishinda wa Lusaka, maana wanatengeneza magari ya waya tangu wadogo. Kwa udongo walilingana. Angeleta kalamu peke yake, tungeambiwa Waafrika wako nyuma.

Tukishajua haya

Kwa wenzetu wa mashirika, hatusemi fomu zitupwe. Mtoto asiyesikia vizuri au aliyedumaa anaweza kugunduliwa kwa fomu, na hilo ni jema. Tunasema fomu ije nyuma ya mkeka. Kaeni kwanza. Rudini mara ya pili na ya tatu, maana mtoto aliyetazamwa siku moja ni kama filamu yenye picha moja. Mwacheni mama aeleze kwa maneno yake kabla ya tiki. Ulizeni mtoto huyu mtu wake ni nani, na asipokuwa mama, andikeni huyo aliyetajwa. Watoto waliofika wameshikana mikono wasiachanishwe kwa ajili ya urahisi wa orodha. Na mlezi aliyezoewa asibadilishwe kila mkataba wa miezi mitatu unapoisha bila mtoto kuagwa. Na mlinzi na mpishi waulizwe pia, wanaona mengi.

Kwa wazazi na walezi wenzangu: baada ya majaribio ya kinyama ya madaktari wa Kinazi, kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 ziliweka sharti la ridhaa ya hiari ya anayechunguzwa. Kwa hiyo mgeni akija na maswali, ni haki yako kuuliza: haya majibu yanakwenda wapi? Utarudi kutuambia ulichokipata? Nikikataa, mgao wangu utaguswa? Ukijibiwa kwamba hautaguswa, jibu lisemwe mbele ya mwenyekiti wa blok pia, ili kila mtu alisikie. Hofu ya kupoteza mgao imewafanya wengi kusema ndiyo wakati moyo unasema hapana, na utafiti uliojengwa juu ya ndiyo ya namna hiyo haumfai hata anayeufanya.

Na mwingine akikwambia kwamba wewe hujui lolote kuhusu mtoto kwa kuwa hukusoma, usione haya. Mama wa Buganda hawakuwa na diploma. Waliulizwa, wakajibu kwa undani, na majibu yao sasa yanafundishwa vyuoni. Mtoto wako unamjua kilio chake cha njaa na kilio chake cha hofu. Anayekuuliza kuhusu mtoto huyo, mpe kigoda, kisha mweleze taratibu, asikie yote.